Nyasa, Tanganyika na Amazon katika tangi moja la sebuleni

SWALI

Mpendwa mshauri,

Shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, mkazi wa Morogoro, na huu ni mwaka wa pili tangu mume wangu aninunulie tangi la vioo la samaki wa mapambo, lenye urefu wa sentimita 120, upana wa sentimita 45 na kimo cha sentimita 50. Nakuandikia kwa sababu tangi hilo, ambalo lilikuwa burudani ya nyumba nzima, limegeuka uwanja wa vita, na kila baada ya siku chache ninaopoa mzoga.

Nilianza na samaki malaika wanne na oska wawili, ambao wakati huo walikuwa wadogo kuliko kiberiti. Muuzaji alinieleza kwamba wote ni sikilidi, yaani ukoo mmoja na perege na sato, kwa hiyo wangeelewana kama ndugu. Baadaye nikaongeza samaki sita wa njano wenye mistari myeusi, ambao niliambiwa ni mbuna wa Ziwa Nyasa. Miezi minne iliyopita shemeji yangu, anayefanya kazi Kigoma, alikuja likizo kwa treni akiwa amebeba ndoo yenye pampu ndogo ya betri, na ndani ya ndoo mlikuwa na zawadi yangu: samaki wanane weusi wenye madoadoa meupe kama nyota, wawili kati yao wakiwa wakubwa zaidi na wamevaa mkanda wa njano mwilini, pamoja na wengine wawili wa rangi ya chai ya maziwa, wenye mapezi ya ncha ndefu na mkia wenye pembe mbili.

Tangu hapo sijapata amani. Malaika watatu wamekufa wakiwa wametafunwa mapezi, na aliyebaki amejibanza nyuma ya hita. Wale weusi wa Kigoma wamekufa wanne, wote kwa namna moja: samaki anaokota chakula na kukitema, anajitenga, anatoa kinyesi cheupe chembamba kama uzi, tumbo linavimba, na baada ya siku tatu au nne amekwisha. Wale wawili wa rangi ya chai wamezaa katika kona ya kulia, na sasa nusu nzima ya tangi ni yao, hakuna anayethubutu kukatiza. La ajabu kuliko yote, mmoja wa wale wa njano amebadilika rangi, mwili umekuwa mweusi kama mkaa na mistari imekuwa ya buluu iliyopauka, na tangu abadilike anakimbiza kila kilicho mbele yake. Nina hofu kwamba huyo ndiye mwenye ugonjwa unaowaambukiza wenzake.

Chakula chao ni moyo wa ng'ombe uliosagwa, asubuhi na jioni, kwa kuwa oska wanaupenda sana. Maji ni ya bomba, ambayo huyaacha kwenye ndoo usiku kucha kabla ya kuyamimina. Vijiti vya kupimia vinaonyesha pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, ya 7, na kile kipande cha amonia hutoka na ukijani hafifu badala ya njano.

Naomba unisaidie mambo mawili. Ninunue dawa gani? Na je, kuna samaki wapole ninaoweza kuwaongeza ili wawatulize hawa? Nasita kuwaondoa samaki wa shemeji, kwa sababu kila akipiga simu huwaulizia wao kabla hajawaulizia watoto.

Mama wa Tangi, Morogoro

JIBU

Marahaba, mwanangu. Umetaja vipimo, rangi na hata kinyesi, mambo ambayo wengi huyaacha, na ndiyo maana naweza kukujibu bila kukisia. Dawa ya chupa haitatibu tangi hili, na samaki wa kuongeza hayupo, kwa sasa ni wa kupunguza tu.

Nianze na huyo mweusi aliyekutia hofu, kwa sababu yeye ndiye mzima kuliko wote humo ndani. Kwa jinsi ulivyomweleza, mbuna wako ni Melanochromis auratus. Majike na wadogo wa aina hiyo huwa wa njano wenye mistari myeusi, lakini dume anayefanikiwa kuwatawala wenzake hugeuza rangi na kuwa mweusi mwenye mistari hafifu ya buluu au nyeupe. Kwa hiyo ulichokiona ni dume aliyejitangazia utawala, na rangi hiyo ni tangazo kwa kila dume mwingine kwamba eneo lina mwenyewe. Auratus ni miongoni mwa mbuna wakali kuliko wote wanaouzwa madukani, na huuzwa kwa wingi kwa sababu wadogo wake wanapendeza machoni. Mpaka mnunuzi ajue amenunua nini, muuzaji ameshasahau uso wake.

Sasa tuje kwenye maneno ya yule muuzaji, kwamba sikilidi wote ni ndugu na kwa hiyo wataelewana. Udugu ni kweli. Ukoo huo umeenea Afrika, Madagaska, Amerika ya Kusini na ya Kati, mpaka kusini mwa India na Sri Lanka, na ndani yake wamo perege, sato, furu wa Ziwa Viktoria na hata yule kuhe mkubwa anayeliwa Kigoma. Lakini undugu huo ndio unaoleta ugomvi, kwa sababu sikilidi karibu wote hulinda eneo la kuzalia na huwalinda watoto wao, na anayefanana naye kwa umbo, rangi au chakula ndiye mpinzani wa kwanza. Ukichagua samaki kwa kuangalia rangi na ukubwa wao dukani, hujachagua chochote. Swali la kwanza ni anatoka ziwa gani, na la pili, ambalo wengi hulisahau hata wakijibu vizuri la kwanza, ni kwamba huko ziwani anakaa wapi, anakula nini na anazaa vipi.

Angalia walivyo wako. Oska na malaika ni wa bonde la mto Amazon. Malaika hukaa katika maji yaliyotulia, katikati ya mimea na matawi yaliyozama, na mapezi yake marefu hayawezi kukwepa mbuna aliyezoea kukwaruza miamba siku nzima. Oska ni mvumilivu wa maji, ila hukua kufikia sentimita 30 na zaidi, na chochote kinachoingia mdomoni mwake atakimeza bila uadui wowote, ni chakula tu. Hawa watatu ndio wa kwanza kuondoka, na waondoke wiki hii. Hata kama wangekuwa peke yao, tangi lako lingewabana oska wawili. Watafutie mtu mwenye tangi kubwa zaidi, au warudishe dukani hata kama hulipwi kitu, na tafadhali usishawishike kuwaachia katika Mto Ngerengere au bwawa la Mindu. Sangara alipandikizwa Ziwa Viktoria miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 aina nyingi za furu zilikuwa zimetoweka, kwa hiyo sisi wa ukanda huu hatuna haja ya kuhadithiwa madhara ya samaki mgeni.

Wale weusi wenye nyota ndio walioniuma nilipokuwa nasoma. Hao ni Tropheus duboisi. Wakiwa wadogo huwa na madoadoa meupe, na wakikua madoadoa hufutika, kichwa kinakuwa cha kibuluu na mwili unavaa mkanda, ambao kwa wale wa baadhi ya fukwe za upande wa Tanzania huwa mpana na wa njano. Kwa hiyo wale wawili wakubwa ni aina ileile, wamekomaa tu. Ziwani, Tropheus hushinda kwenye miamba akichuna mwani na vijidudu vilivyomo, mdomo wake umekaa chini ya pua kwa kazi hiyo, na utumbo wake ni mrefu mno ukilinganisha na mwili, kama ulivyo kwa wanyama wanaokula majani. Mnyama wa namna hiyo umempa moyo wa ng'ombe mara mbili kwa siku. Ukiongeza vitisho vya dume la auratus na maji yasiyo yake, tumbo linavurugika, vimelea vilivyokuwemo utumboni vinapata nafasi, na matokeo ni yale uliyoyaeleza: kutema chakula, kinyesi cheupe, uvimbe, kifo. Wafugaji wenye uzoefu hutumia metronidazoli, dawa ya kuua vimelea, katika hatua za mwanzo, tena katika tangi la pembeni na kwa kipimo kilichoandikwa kwa ajili ya samaki, lakini samaki aliyekwisha kuvimba ni nadra kupona, na anayepona huumwa tena akirudishwa kwenye chakula kilekile. Acha moyo wa ng'ombe leo. Wafungishe wote siku mbili, kisha waliobaki wape chakula cha punje chenye mwani wa spirulina, na mara mojamoja jani la mchicha lililochovywa kwenye maji ya moto na kufungwa kwenye jiwe.

Pamoja na hayo, sidhani kwamba unapaswa kuendelea nao. Tropheus wanne ni wachache mno. Wao huishi vizuri wakiwa kundi la kuanzia kumi na mbili, ambamo ukali wa mkubwa unagawanyika kwa wengi, lakini wakiwa wachache huwindana mmoja baada ya mwingine mpaka abaki mmoja. Ukitaka kuwafuga kwa haki yao, itabidi tangi zima liwe lao. Hilo linawezekana katika tangi la sentimita 120, ila sikushauri, kwa kuwa ni samaki wasiosamehe na wewe bado unajifunza.

Sasa wale wenye kona. Mapezi ya ncha ndefu na mkia wenye pembe mbili ni Neolamprologus brichardi, aliyepewa jina hilo mwaka 1974 kwa heshima ya Pierre Brichard, Mbelgiji aliyekuwa akisafirisha samaki wa Tanganyika kutoka Burundi. Kaa mbele ya kona yao jioni moja uwatazame vizuri. Utaona vifaranga wadogo kama punje za ulezi wakielea karibu na jiwe, na wazazi wakilinda pande mbili. Wakizaa tena, na watazaa, utawaona vifaranga wa uzao wa kwanza, ambao wenyewe hawajafika sentimita mbili, wakiwafukuza wageni na kuwalinda wadogo zao. Familia inapanuka hivyo, uzao juu ya uzao, na mpaka wa eneo lao unasogea kila mwezi mpaka wengine wote wanabaki wamejazana juu ya maji kwenye kona ya upande wa pili. Kwa maoni yangu ni samaki wazuri kuliko wote waliomo tangini mwako, lakini si wa kuchanganywa na wengine katika tangi la ukubwa huo. Niliwahi kujidanganya kwamba ningewadhibiti kwa kuongeza mawe, na kumbe nilikuwa nawajengea ngome.

Kwa hiyo una njia mbili za kweli. Ya kwanza ni kulifanya tangi liwe la hao brichardi peke yao, ukaiangalia familia ikikua na ukawa unagawa vijana wake. Hii haina gharama, na samaki wenyewe ni zawadi ya shemeji, kwa hiyo heshima yake inabaki. Ya pili ni kuanza upya na mchanganyiko wa Tanganyika uliopangwa kwa tabaka, na kwa kuwa umeniuliza habari ya samaki wapole, nitaieleza. Mbuna siwahesabu kama njia ya tatu. Anayewapenda anaweza kupata walio afadhali kuliko auratus, kama Labidochromis caeruleus wa njano tupu, lakini wako waende kwa mtu mwenye tangi kubwa la mbuna wengi, ambako dume mmoja atakuta wapinzani wa kumtosha.

Katika mchanganyiko wa Tanganyika kila aina hupewa sehemu yake, ili wasigombee kitu kimoja. Juu, kwenye maji ya wazi, weka kundi la Cyprichromis leptosoma kumi hadi kumi na wawili. Hawa huogelea pamoja, jike hubeba mayai mdomoni, na hawana haja ya jiwe wala shimo. Lifunike tangi bila kuacha upenyo, maana wakishtuka huruka. Wangu wawili niliwakuta asubuhi wamekaukia sakafuni, na upenyo waliopitia ulikuwa ule wa waya wa hita. Kwenye mawe ya upande mmoja weka dume na jike wa Julidochromis, jozi moja tu, kwa kuwa jozi mbili katika nafasi hiyo zitauana. Upande wa pili, kwenye mchanga mtupu, weka Neolamprologus multifasciatus sita au saba. Ni samaki wenye urefu wa sentimita tatu hadi nne, na nyumba yao ni kombe la konokono. Huchimba mchanga kwa midomo, wakalifukia kombe mpaka mdomo wake tu ubaki juu, kisha kila mmoja anakuwa na mlango wake. Ziwani hutumia makombe ya konokono anayeitwa Neothauma. Morogoro unaweza kuokota shambani makombe matupu ya konokono wachanga, yenye ukubwa wa kama sentimita nne au tano, ukayachemsha na kuyasugua vizuri. Kauri za baharini hazifai, mdomo wake ni mwembamba na samaki haingii. Ukitaka mmoja wa kuwapunguza vifaranga, Altolamprologus calvus ataifanya kazi hiyo kimyakimya, kwani mwili wake ni mwembamba kama umebanwa kwenye mlango na hupenya katika nyufa. Usije ukashawishika kuongeza Cyphotilapia frontosa kwa sababu ya ile nundu yake ya kifahari. Anapita sentimita 30, na huko ziwani Cyprichromis ni kitoweo chake.

Kabla ya kununua hata mmoja, kuna jambo la maji ambalo likikosewa litakuulia wote, na mpangilio wa hatua zake ni muhimu kuliko hatua zenyewe. Maji ya Ziwa Tanganyika yana pH inayokaribia 9, na yako ni 7. Utasikia ushauri wa kuyapandisha haraka. Usifanye hivyo sasa, kwa sababu kile kijani hafifu kwenye kijiti maana yake tayari una amonia majini, itokanayo na mabaki ya nyama na samaki wengi juu ya kichujio kilichozidiwa. Katika pH ya 7 na joto la nyuzi 25, amonia iliyo katika umbo la sumu ni chini ya asilimia 1 ya yote, na iliyobaki ni amoniamu ambayo samaki wanaistahimili. Katika pH ya 8.5 sehemu hiyo ya sumu hufika karibu asilimia 15. Maji yaleyale, uchafu uleule, ila umeongeza sumu zaidi ya mara kumi kwa kupandisha pH tu. Kwa hiyo kwanza punguza samaki, badilisha robo ya maji kila siku kwa wiki moja, na suuza sponji ya kichujio kwa maji ya tangi lenyewe, kamwe si ya bomba, kwa sababu klorini huua bakteria wanaoila hiyo amonia. Kijiti kikionyesha sifuri kwa wiki mbili mfululizo, ndipo uweke mfuko wa mawe ya chokaa yaliyopondwa, au ya matumbawe, ndani ya kichujio. Jiwe usilolijua lidondoshee siki: likitoa mapovu ni chokaa, lisipotoa ni kokoto tu. pH itapanda taratibu yenyewe mpaka juu kidogo ya 8 na kutulia hapo, na mahali pa kutulia panapodumu ni bora kuliko kuifuatilia 9 kwa kemikali leo na kuipoteza kesho.

Mawe makubwa yakae juu ya sakafu ya kioo kabla hujamwaga mchanga, siyo juu ya mchanga, kwa kuwa samaki watachimba chini yake na jiwe litaangukia kioo. Ile pampu ya betri iliyokuja na ndoo kutoka Kigoma itunze mahali unapoifikia gizani, maana umeme ukikatika mchana wa joto, hawa wa Tanganyika ndio wanaoishiwa hewa mapema. Ukianza kuingiza samaki, tanguliza Cyprichromis na wale wa makombe, waache wiki tatu wajipatie makazi, na Julidochromis waje mwisho, taa ikiwa imezimwa.

Kuhusu shemeji, mwambie ukweli na mapema, kwamba Tropheus wanne hawawezi kuishi bila kundi. Mtu aliyebeba ndoo kwa treni kutoka Kigoma akiwa ameiwekea pampu anawapenda samaki, ataelewa. Kisha muulize walivuliwa ufukwe gani hasa, kwa sababu Tropheus hutofautiana rangi kutoka mwambao mmoja wa ziwa hadi mwingine, na anayewafuga kwa makini hatawapokea wako katika kundi lake bila kulijua jina la mahali hapo, asije akachanganya uzao. Liandike kwenye karatasi na uibandike kwenye ndoo siku utakapowatoa.